Grisi ya Mbarika

Voi, 3 Machi 2025

Kwako Nthenya mwanangu,

Uko mzima? Unakula? Sisi huku tuko sawa, ni goti tu linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa, na hata hilo naona ni jua, kwa sababu Voi saa hizi hata kuku wanatembea kwa kuruka. Mjomba wako Muasya anakusalimia. Gereji yake iko salama. Amenyoa ndevu na sasa watu wanasema anafanana na karani wa kata.

Najua utauliza mbona naandika na simu ninayo. Simu nimeichoka. Nikianza tu kukupa habari unasema "mama, niko kazini," halafu nasikia tuu tuu tuu. Barua huwezi kunikatia. Hata ukiiweka kando itakungoja hapo hapo.

Sasa ile maneno ya grisi uliyoniambia nimeielewa, usifikiri sikuelewa. Huko maabara mnatengeneza grisi ya mafuta ya mbarika, ile sisi Wakamba tunaita mbaiki, nyanya yako alikuwa anaisaga apake mishipi ya ngozi. Mnataka ipakwe kwa springi za gari, na kwa zile bushi na pini zinazoshika springi, ndio gari isilie na isikwame. Nilimwambia Alice wa vitunguu, akacheka mpaka akashika meza. Ati, "Mama Nthenya, umesomesha msichana mpaka chuo kikuu, halafu amerudi kwa mbaiki?" Nikamwambia angoje.

Magari ya kujaribia nimekupatia. Unawakumbuka Donald na Tom, wale ndugu wa Werugha wanaoshusha kabichi hapa mbele ya kibanda changu cha chai? Pikapu zao ni kama mapacha. Zilinunuliwa mwaka mmoja, zinashuka milima na kona zile zile, mashimo yale yale, mzigo ule ule. Wenyewe ndio hawafanani. Donald akinunua kofia lazima ipite kila meza ionekane, na Tom akiiona hiyo kofia hapati usingizi. Wanashindana hata kukohoa. Nimeongea nao na wote wamekubali, kila mmoja akidhani mwenzake amekataa.

Na mimi ndiye wa kukupa habari kamili, kwa sababu mimi huwa siangalii nani anakuja. Nasikia. Gari ya Donald inalia kama mbuzi amefungwa mbali na mama yake. Ya Tom kama mlango wa choo cha shule. Na Wakio, yule mama anayebeba mchanga na mawe kule Mraru, yake ukiisikia mara ya kwanza unaweza kuita polisi. Nikisikia sauti namimina chai, na mtu akishuka kikombe chake kiko mezani. Stendi yote tunajuana kwa kilio cha springi.

Leta hizo makopo za grisi haraka. Mjomba wako ameshaosha mikono.

Mama yako,
Kalondu


Nairobi, 10 Machi 2025

Mpendwa Mama,

Nakula vizuri na nalala vizuri. Pole kwa goti. Kanisani kaa viti vya nyuma, Mungu anasikia hata huko. Msalimie Mjomba na kidevu chake.

Katoni hii ina makopo ya aina mbili. Mengine yana kifuniko cheupe na mengine cha buluu. Yote ni grisi ya mbarika. Aina moja ni ya kawaida, nyingine tumeitia kiongezo. Mafuta ya mimea yana shida moja, Mama. Yakipigwa na joto na hewa muda mrefu yanachacha, yanakuwa mazito, yananata kama yale mafuta ya mandazi yaliyosahauliwa kwenye karai. Kiongezo ni cha kuzuia hilo, na kuifanya grisi ishike chuma hata gari ikiwa imebeba mzigo.

Mjomba ampake Donald ya kifuniko cheupe na Tom ya buluu, na aendelee hivyo hivyo kila wiki mpaka mwisho wa mvua. Kopo lipi lina kiongezo mimi mwenyewe sijui. Bosi wangu Bwana Kimanzi ndiye anajua, na amekataa kuniambia. Ndivyo inavyotakiwa. Dereva akisikia amepewa ile nzuri, ataanza kuona uzuri hata pasipo na uzuri, na mwenzake ataona ubaya.

Sasa nikwambie ukweli wote ili ujue uzito wake. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Wakubwa hapa wamechoka na mbarika, wanataka turudi kwa grisi ya petroli waliyoizoea. Tukiwaonyesha kwamba kiongezo kimestahimili barabara ya kweli, si ile mashine ya maabara, kazi inaendelea na mimi nabaki. Tukikosa, nafungasha.

Kwa hivyo nakuomba kitu ambacho najua ni kigumu kwako. Ukiona tofauti, niandikie mimi. Usimwambie mtu mwingine. Hata Alice.

Mwanao,
Nthenya


Voi, 26 Machi 2025

Kwako Nthenya, mwanangu kipenzi,

Salamu za furaha tupu. Goti limepona lenyewe. Uko mzima? Keti chini kwanza. Umeketi?

Ni nyeupe.

Nimeijua, mwanangu, na wala haikuchukua siku nyingi. Mjomba wako alimaliza kupaka gari ya Donald, akapanda bampa ya nyuma akaruka-ruka vile anafanyaga, masikio ameyatega kama daktari. Kimya. Akaruka tena mpaka suruali ikataka kushuka. Kimya. Kesho yake nikiwa nasukuma chapati nasikia mtu nyuma yangu, "Mama Nthenya, leo chai yangu iko wapi?" Nikageuka nusura nimpige na kijiti cha chapati. Ni Donald. Pikapu iko hapo na kabichi zote, na mimi sijasikia kitu. Miaka yote hiyo, kikombe cha Donald hakijawahi kukosa mezani.

Tom naye akaja baadaye, nyiiii, mlango wa choo cha shule, hata afadhali wa choo. Basi nikajua. Yeye amepata ile tupu na ndugu yake amepata dawa.

Sasa mimi sikusema. Ulinikataza na sikusema kwa mtu. Alice ndiye aliuliza mbona natabasamu peke yangu, na Alice si mtu, Alice ni kama mimi mwenyewe. Nilimwambia kwa sikio tena nikamwapisha kwa jina la mamake. Sijui ilitokea wapi. Jumapili natoka kanisani, dereva mmoja wa nyanya kutoka Mahoo, mtu sijawahi hata kumpa chai, ananishika mkono mlangoni, "Mama, nasikia kuna grisi ya kifuniko cheupe." Kutoka Mahoo, Nthenya. Habari yako imefika mpaka kwa mpaka wa Tanzania na wewe hata hujatoka Nairobi.

Jumatatu gereji ya mjomba wako ilikuwa kama kliniki. Nikawapa. Ningefanya nini, nifiche dawa ya mwanangu watu wakiwa wanateseka? Makopo meupe yamebaki machache, leta mengine.

Kulikuwa na maneno kidogo na Tom. Alifika akiwa amevimba. Akamwambia mjomba wako, "Ndugu yangu anapakwa mafuta na mimi napakwa matope? Kwa nini? Nimekosea nani?" Mjomba wako akajaribu kumweleza mambo ya sayansi, lakini hata yeye hayajui, basi akaishia kusema "eeh, aah." Tom akakataa kutoka chini ya gari. Akalala hapo kwa mkeka wa gereji mpaka akaoshewa ile ya buluu yote na kupakwa nyeupe. Sasa anatabasamu, ingawa gari bado inalia. Anasema inalia kwa furaha.

Zile za buluu hakuna anayezitaka. Ni Wakio wa mchanga peke yake aliyepita akasema, "Hizo zilizokataliwa nipeni, gari yangu haijawahi kupakwa kitu, haina mdomo wa kuchagua." Akabeba zote.

Mwambie bosi wako dawa imefaulu. Niandikie atasema nini, nataka kumsomea Alice.

Mama yako mwenye furaha,
Kalondu


Nairobi, 31 Machi 2025

Mama,

Natumaini uko salama.

Dawa haijafaulu. Hakuna kitu kinachoitwa kufaulu baada ya wiki mbili. Grisi yoyote ikiwa mbichi inanyamazisha springi, hata samli ingeinyamazisha. Ndiyo maana nilisema mpaka mwisho wa mvua.

Nilitaka magari mawili, moja hivi na moja hivi. Sasa sina hata moja. Tom amepakwa zote mbili. Wengine wote wanajua walichopakwa, au wanadhani wanajua. Bwana Kimanzi amesoma barua yako. Aliikunja akanirudishia.

Nilikuomba kitu kimoja.

Mwanao,
Nthenya


Voi, 14 Aprili 2025

Kwako Nthenya mwanangu,

Uko mzima lakini? Hapa tumepata mvua, milima haionekani kwa ukungu. Afya iko.

Barua yako niliipata nikaisoma, nikairudia, halafu nikaiweka chini ya godoro kwa sababu ilikuwa inaniangalia. Nimejaribu kurekebisha. Nilipita meza kwa meza nikiwaambia mimi sijui kitu, nilikosea, pengine nyeupe ndiyo tupu, nani ajuaye. Hakuna aliyeniamini. Alice aliwaambia watu, "Mkiona Mama Nthenya anakataa neno hivyo, jueni ni kweli kabisa, na ni siri ya serikali."

Nimekupigia hushiki. Sitakuuliza mbona. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Mama yako,
Kalondu


Voi, 20 Mei 2025

Kwako Nthenya,

Hujajibu, na mimi naandika tu. Uko mzima? Mimi mzima wa mwili. Mjomba wako mzima. Ndevu zimerudi.

Nakuletea habari mbaya na heri uisikie kwangu. Dawa yako imekufa.

Ilianza na Donald. Mvua ilipotulia jua likarudi na hasira, na grisi nyeupe ikaanza kubadilika. Kwanza ikawa kama asali, halafu kama ukoko wa ugali. Springi zikakaza, bushi zikakataa kugeuka. Donald alishuka hapa wiki iliyopita anatembea ameshika kiuno. "Mama Nthenya," anasema, "gari yangu imekuwa benchi ya kanisa. Kila shimo linaingia kwa mgongo wangu likiwa zima. Na kabichi zinafika zimeshakuwa kachumbari." Tom akacheka sana, akashika mbavu, halafu akakumbuka na yeye amepakwa ile ile. Kesho yake pini yake ya nyuma ilikwama kabisa.

Yule wa Mahoo amekuja na nyanya zimekuwa supu, akaniletea sufuria moja nione. Mjomba wako anashinda chini ya magari na kisu, anakwangua, anatukana kwa Kikamba kile cha zamani ambacho hata mimi sikielewi vizuri. Stendi wameipa jina. Wanaiita gundi ya Mama Nthenya. Ati kiatu kikipasuka, nenda kwa Mama Nthenya. Nacheka nao, nitafanya nini, lakini nikiingia ndani naona aibu yako, si yangu. Yangu nimeizoea.

Sasa nimekutandikia kitanda. Usikae huko Nairobi ukiogopa kuniangalia. Rudi, tutauza chai wawili, wewe utahesabu na mimi nitaongea. Kama wakubwa wako watauliza, waambie mamako aliharibu. Niko tayari kuja kuwaambia mwenyewe, nivae kitenge kipya.

Hata nguvu za kusengenya zimepungua. Alice hanisalimii, anasema nimemuaibisha mpaka Taveta. Na juzi Wakio amenitia hasara nyingine. Nilikuwa nampa mteja chai, mtu mgeni, amevaa suruali nyeupe. Wakio akatokea nyuma yangu, "Habari ya leo?" Nikaruka, chai yote magotini kwa yule mtu. Nikauliza, wewe mwanamke umetokea wapi, mbona sijakusikia? Gari iko hapo imejaa mchanga mpaka imekaa chini. Ile gari ya kuita polisi. Nikasema umenunua springi mpya na hujatuambia. Akasema za kununulia atoe wapi, anapaka tu ile matope yenu ya buluu na anaenda zake, na mgongo wake siku hizi unalala usingizi.

Basi. Yule mgeni nilimfulia suruali, lakini doa limebaki.

Rudi nyumbani.

Mama yako,
Kalondu


Nairobi, 23 Mei 2025

Mama yangu,

Pole kwa chai, pole kwa suruali ya mgeni, pole kwa kunyamaza kwangu. Mimi mzima. Naandika haraka, ndio maana mwandiko uko hivi.

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido. Nilipofika kwa Wakio nilirudi juu nikasoma tena, halafu nikakimbia mpaka kwa Bwana Kimanzi bila kubisha hodi. Alisoma ile sehemu ya mwisho tu. Akavua miwani. Akaniambia.

Buluu ndiyo yenye kiongezo, Mama. Nyeupe ilikuwa ile ya kawaida, tupu.

Gari ya Tom ililia tangu mwanzo kwa sababu bushi zake zilikuwa zimeisha kabla hatujaigusa. Hakuna grisi ya kurudisha bushi iliyoisha. Wewe ulisikia kilio ukadhani ni grisi. Halafu stendi nzima, mpaka Mahoo, ikaamini nyeupe, ikaipenda, ikaigombania, na nyeupe ikaganda vile vile. Na buluu hakuna aliyeiamini, hata Wakio alichukua tu kwa sababu ilikataliwa. Ikaenda kwenye gari mbovu kuliko zote na mzigo mzito kuliko wote, na bado imeshika. Bwana Kimanzi alicheka mpaka watu wakachungulia. Anasema hata angekaa mwaka mzima akipanga, asingeweza kupanga jaribio ambalo watu wote wameegemea upande usiofaa hivyo.

Lakini gari moja si ushahidi wa kutosha mpaka tuione ndani. Tunakuja Alhamisi, yeye na mimi. Mwambie Mjomba asiguse gari ya Wakio. Asioshe, asipanguse. Mwambie pia asikwangue yote kwa Donald, atuachie ile iliyoganda.

Tafadhali waambie watu wote tunakuja. Safari hii nataka waje.

Mwanao,
Nthenya


Nairobi, 30 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Siku ile tulirudi Nairobi salama. Bwana Kimanzi bado anazungumza juu ya chapati zako, na anauliza kama Alice amepunguza maneno. Goti lako vipi baada ya kusimama siku ile yote?

Uliona mwenyewe Mjomba alipotoa pini ya Wakio na kuipangusa. Zile pini mbili, ya Wakio na ya Donald, Bwana Kimanzi aliziweka mezani mbele ya wakubwa, akawaambia wazishike. Ya Wakio ilikuwa laini. Ya Donald mmoja wao alihangaika kufuta vidole mpaka mwisho wa mkutano.

Nimebaki. Mkataba umeongezwa, si wa milele, ni mpaka mwisho wa mvua za vuli. Wanataka magari mengi sasa, na wanataka yawe hapo hapo Voi, kwa sababu wamesema barabara zenu zinasema ukweli. Wakio ameshakubali, Tom amekubali baada ya kuwekewa bushi mpya, na yule wa Mahoo pia, nimempigia nikaomba msamaha wa nyanya.

Katoni mpya inakuja na barua hii. Vifuniko vyote ni vyeusi, na kila kopo lina namba tu chini yake. Mjomba tu ndiye ameambiwa gari ipi ipewe kopo lipi, na hata yeye hajui maana yake. Lakini wewe unakaa hapo, unasikia kila gari ikiingia. Wiki chache tu na utakuwa na dhana yako, nakujua. Pengine safari hii itakuwa ya kweli. Na watu wote watakuja kukuuliza wewe.

Sikukatazi tena. Nakuachia.

Mwanao,
Nthenya


Voi, 11 Agosti 2025

Kwako Nthenya mwanangu,

Uko mzima? Sisi wazima. Mjomba wako amepaka magari yote.

Alice alikuja kuniuliza. Jana amekuja tena na kiti chake mwenyewe, akiwa na Donald.

Nimewapa chai tu, habari sijawapa.

Mama yako,
Kalondu